Wilaya ya Magharibi Unguja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu shamba lililogeuka mji

Assalam aleikum ndugu zangu. Maswali haya nimeyakusanya kwa vijana wa huku kwetu wanaozaliwa Fuoni, Kinuni, Mto Pepo na Tomondo, wanakua wanaona maduka na nyumba za matofali kila upande, wanaambiwa na babu zao "hapa palikuwa shamba tupu" wala hawapati picha. Nimejibu kwa urefu pale penye mambo, na pale pasipo na mengi nimepita haraka.

Wilaya ya Magharibi ndo ipi hiyo, mbona siku hizi tunasikia Magharibi A na Magharibi B tu?

Ndo hiyo hiyo. Mpaka mwaka 2015 ilikuwa wilaya moja, kuanzia Bububu, Chuini na Mfenesini huko kaskazini, inazunguka mji kwa upande wa Dole, Kianga, Welezo, Fuoni, inashuka Kiembesamaki, Chukwani, Dimani mpaka inakwenda kuishia Fumba na Bweleo baharini. Mji wenyewe, yaani Mji Mkongwe na Ng'ambo, ulikuwa wilaya nyengine, Wilaya ya Mjini, na zote mbili pamoja ndo Mkoa wa Mjini Magharibi. Sasa kiserikali Mjini ilikuwa na Baraza la Manispaa na Magharibi ilikuwa na Halmashauri ya Wilaya, na hapo ndo pa kupashika vizuri maana halmashauri za wilaya ziliwekwa kwa ajili ya shamba. Kwa hiyo kwa miaka mingi mtu wa Mwanakwerekwe, anaekaa nyumba ya kupanga na dirishani kwake anasikia honi za daladala usiku na mchana, kwa karatasi za serikali alikuwa mtu wa shamba.

Mimi naona hilo ndo jambo kubwa kuliko yote katika historia ya wilaya hii. Mji ulihamia huku zamani sana, ila karatasi zilichelewa kuja, na tabu nyingi tunazoziona leo zimezaliwa katika huo uchelewaji.

Hizi shamba zilikuwa za nani mwanzo?

Hapa inabidi turudi nyuma mpaka wakati wa Sayyid Said bin Sultan. Karafuu iliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na miongoni mwa sehemu za kwanza kabisa kupandwa ni Mtoni na Kizimbani, zote huku huku kwetu, na anaetajwa kuzileta ni Saleh bin Haramil al-Abry. Sayyid Said alipoona faida yake akaikamata biashara, akajenga kasri lake Mtoni, na inasimuliwa aliwalazimisha wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Ardhi ya upande huu wa magharibi ndo yenye rutba, udongo mwekundu mzito wenye maji, sio kama kule mashariki na kusini kwenye maweni ambako jembe halichimbi. Basi wenyeji wengi, wale wanaoitwa Wahadimu, wakasogea taratibu kwenda huko kwenye maweni na huku pakabaki mashamba makubwa ya mabwana, yakilimwa na watumwa walioletwa kutoka bara.

Bint Salme, yule aliekuja kuolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, kazaliwa hapo hapo Kasri la Mtoni mwaka 1844. Hamamu za Kidichi nazo zilijengwa na Sayyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na mpaka leo zipo, ukipanda Kidichi ukasimama unaona kwanini walipachagua maana upepo wa pale si wa mchezo.

Mwaka 1872 kikapiga kimbunga, mikarafuu ya Unguja mingi ikang'oka, Pemba haikuguswa sana na ndo kuanzia hapo Pemba ikaja juu kwa karafuu kuliko Unguja. Watu wengi hawajui hili, wanadhani Pemba imekuwa ya karafuu tangu kuumbwa. Huku kwetu baadhi ya mashamba yalipandwa tena mikarafuu, mengine yakawekwa minazi, ndo maana wazee wetu wa Bububu na Kiembesamaki wanakumbuka zaidi nazi na mbata kuliko karafuu.

Baada ya utumwa kuondoshwa wale watu walikwenda wapi?

Wengi hawakwenda popote. Sheria ya 1897 ya Sultani Hamoud bin Mohammed iliondoa utumwa kisheria, lakini sheria haikumpa mtu ardhi, kwa hiyo waliokuwa watumwa wakabaki pale pale kwenye mashamba kama wakaazi. Mpango ulikuwa mwenye shamba anakuwacha ukae, ulime mihogo yako na migomba chini ya mikarafuu, na wewe unamsafishia majani na wakati wa vuno unachuma kwa malipo. Ila hukuruhusiwa kupanda mti wa kudumu bila ya ruhusa yake, hata mnazi mmoja, kwa sababu hapa kwetu mti ni mali peke yake, anaepanda mti ana haki na mti wake hata kama ardhi si yake, na wenye mashamba walilijua hilo vizuri.

Baadae wakaja na wengine, Wanyamwezi na watu wengine wa bara waliokuja kuchuma karafuu wakabaki, Wamanga, yaani Waarabu wa Oman, waliofungua maduka madogo ya njiani, Washirazi waliorudi kutoka vijijini. Ndo maana ukizitazama koo za Dole, Kizimbani na Mfenesini unakuta mchanganyiko mkubwa kuliko Makunduchi au Nungwi, na hilo mimi naliona ni utajiri wetu.

Ni kweli palikuwa na treni mpaka Bububu?

Kweli kabisa, sio hadithi za kubembelezea watoto. Reli ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, ikaanza kazi 1905, ikianzia pale Ngome Kongwe, inapita Malindi, Saateni, Maruhubi, Mtoni mpaka Bububu, kiasi cha maili saba. Mjini ilikuwa inapita barabara nyembamba sana karibu kabisa na milango ya watu. Serikali ikainunua 1911, na mwaka 1922 ikawacha kuchukua abiria, maana barabara za magari zilikuwa zimeshafika, ikabaki kwa kazi ya kubeba mawe na vifusi mpaka mwisho ikang'olewa. Leo kazi yake inafanywa na daladala za njia ya 502, na njia ni ile ile ya pwani.

Naipenda sana habari hii kwa sababu inaonesha kuwa Bububu ilikuwa imefungwa na mji tangu zamani. Watu wa mjini walikuwa wanapanda treni kwenda shamba kupunga upepo jioni wakarudi.

Mbali na nazi na karafuu, mji ulikuwa unapata nini kutoka huku?

Maji! Na hili linasahauliwa sana. Sayyid Barghash ndie aliewavutia watu wa mjini maji ya mfereji miaka ya 1880 kutoka kwenye chemchem za upande wa Bububu, kabla ya hapo mjini watu wanakunywa maji ya visima na maradhi yalikuwa yanafyeka watu. Mpaka leo maji mengi ya mji yanatoka chini ya ardhi ya Magharibi, na msitu wa Masingini pale juu umewekwa uhifadhiwe kwa sababu ya maji. Kwa hiyo ukiona mtu anakata miti Masingini au anajenga juu ya chanzo cha maji, jua anakata maji ya mtoto wake mwenyewe.

Halafu mihogo, ndizi, mbatata, mafenesi, mashelisheli, kuni, makuti ya kuezekea nyumba za Ng'ambo, vyote vikitoka huku kwa gari za ng'ombe na baadae kwa zile gari za mbao zenye ngazi nyuma.

Zamani nani alikuwa anatawala huku shamba? Mudir na sheha ni nani?

Wakati wa ukoloni wa Muingereza Sultani alikuwepo lakini kazi zinaendeshwa na Waingereza. Shamba kuligawiwa katika mudiria, Unguja palikuwa na mudiria kama Mkokotoni, Mwera na Makunduchi, na kila moja ina mudir wake. Huyo mudir alikuwa mtu mkubwa kwelikweli, anasimamia kodi na amani, anasikiliza na kesi ndogo ndogo katika mahkama yake, kwa hiyo ukigombana na jirani kwa sababu mbuzi wake kala mihogo yako ulikuwa unaishia kwa mudir. Chini yake masheha, mmoja kwa kila shehia, na sheha ndie anaejua nani kazaliwa, nani kafa, nani mgeni kaingia jana usiku.

Usheha wenyewe ni mkongwe kuliko ukoloni. Tangu enzi za Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji aliekuwa akikaa Dunga, palikuwa na masheha vijijini, na vijiji vya kusini vilikuwa na wazee wao wanaoitwa watu wanne wanaoamua mambo ya ardhi na mji wao. Huku kwetu kwenye mashamba mambo ya watu wanne hayakuwa na nguvu hivyo, maana ardhi ilikuwa ya bwana mwenye shamba na mwenye kauli ni yeye au msimamizi wake. Hii ni tofauti kubwa ya kihistoria, kijiji cha kusini kina mizizi yake ya kujitawala, shamba la magharibi lilizoea kusubiri amri kutoka juu, na hata leo ukienda kwenye mikutano ya shehia unaliona hilo.

Mapinduzi yalibadilisha nini huku?

Kila kitu. Tarehe 12 Januari 1964 yalipotokea Mapinduzi, kambi ya polisi ya Mtoni ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuvamiwa pamoja na ile ya Ziwani, kwa hiyo Magharibi ilikuwa ndani ya tukio lenyewe. Halafu mwezi wa Machi mwaka huo huo serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ikatangaza ardhi yote kuwa ya serikali. Mashamba makubwa yakachukuliwa, na kuanzia 1965 yakaanza kugaiwa eka tatu tatu kwa wananchi wasio na ardhi. Ugawaji ulianzia Dole, na ukaendelea mpaka miaka ya 1970, familia zaidi ya elfu ishirini Unguja na Pemba zikapata.

Mtu ambae babu yake alikatazwa kupanda mnazi sasa ana eka tatu zenye mikarafuu, minazi na miembe, na karatasi mkononi. Wazee waliopata eka ukizungumza nao mpaka leo sauti inabadilika. Siwezi kulieleza hili kwa maneno machache na sitaki kulipunguza, lilikuwa jambo kubwa sana kwa watu wa huku, na vile vile walikuwepo waliopoteza mali zao na kuondoka nchini, historia yao nayo ni historia ya ardhi hii hii.

Mudiria zikaondoshwa, ikaja mikoa na wilaya, na wakuu wa mikoa na wilaya wa kuteuliwa.

Masheha nao waliondoshwa?

Ndio, kwa muda. Baada ya Mapinduzi kazi zao zilichukuliwa na matawi ya chama, kwanza Afro-Shirazi Party na baada ya 1977 CCM, mwenyekiti wa tawi ndie anaekuandikia barua. Vyama vingi viliporudi 1992 ikawa haifai tena tawi la chama kimoja kufanya kazi ya serikali, ndo masheha wakarudishwa. Sheria Namba 1 ya 1998 ikawaweka rasmi, sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, hachaguliwi kwa kura. Hii inaulizwa sana kwa hiyo nasema wazi: diwani unamchagua, sheha humchagui.

Ilikuwaje mashamba ya eka yakawa viwanja?

Hili ndo swali linaloulizwa kuliko yote na jibu lake refu, vumilieni.

Eka ilitolewa kwa mtu alime, ale, arithishe wanawe. Haikutolewa auze. Lakini yule mzee aliepewa 1966 alikuwa na watoto saba, nane, na watoto wakawa na watoto, na eka haiongezeki. Huku nyuma bei ya karafuu ikashuka sana miaka ya 1980, mkarafuu ukawa haulipi hata gharama ya kuupalilia. Wakati huo huo biashara ikafunguliwa, watu wa Pemba wanahamia Unguja kutafuta maisha, watu wa Mji Mkongwe nyumba zinawabomokea wanatafuta pa kuhamia, watu wa bara wanakuja, na Ng'ambo yote imeshajaa. Mtu anakuja kwa mzee mwenye eka pale Fuoni au Magogoni, anamwambia nikatie kipande nijenge kibanda, ntakupa pesa kadhaa. Mzee anafikiria ada za skuli, harusi ya binti, matibabu. Anakata.

Mauziano yenyewe yalikuwa hivi. Mnakwenda shamba asubuhi, mnunuzi, muuzaji, mtoto wa muuzaji mkubwa na jirani mmoja. Mnapima kwa hatua za miguu au kwa kamba, futi 40 kwa 50 tuseme, mnatia vijiti pembeni au mnashika mnazi huu mpaka mwembe ule ndo mpaka. Miti iliyomo ndani inahesabiwa bei yake mbali, mnazi unaozaa bei yake, mkarafuu bei yake, maana kama nilivyosema mti ni mali peke yake na ukisahau kuulipia utakuja kukuta mtu kapanda juu anaangua nazi uani kwako na ana haki. Halafu mnakwenda kwa sheha na karatasi ya mstari iliyokatwa kwenye daftari la skuli, imeandikwa kwa mkono kwamba mimi fulani nimemuuzia fulani kipande changu, mashahidi wanatia saini, asiejua kuandika anatia dole gumba, sheha anapiga muhuri. Basi. Kwa karatasi ile watu wamejenga nyumba za ghorofa!

Sasa kisheria ardhi ni ya serikali, na Sheria ya Matumizi ya Ardhi Namba 12 ya 1992 ina taratibu zake, lakini huku chini karatasi ya sheha ndo iliyokuwa hati. Na kipande kile hakina barabara, hakina mtaro, kwa sababu aliekata alikata penye nafasi tu, na jirani yake akakata na yeye, na wa tatu akakata, mwisho mnakuta nyumba mia tatu na njia ya kupita baiskeli tu. Mtu akifa jeneza linapitishwa kwa kuinamishwa ubavu kati ya kuta mbili mpaka barabarani. Moto ukiwaka gari la zimamoto linabaki barabara kuu.

Simlaumu mzee alieuza. Ningekuwa mimi na mtoto wangu kafukuzwa skuli kwa ada ningeuza na mimi. Ninachosikitikia ni kuwa halmashauri ya wilaya haikuwa na mpimaji hata mmoja wa kumuonesha pa kuiwacha njia.

Si palikuwa na mipango miji?

Ilikuwepo, tena mingi. Mpango wa Lanchester wa 1923, wa Kendall 1958, wa Wajerumani wa Mashariki 1968 ambao ndo uliozaa majumba ya Michenzani, halafu wa Wachina 1982. Huu wa Wachina ndo uliotugusa zaidi sisi kwa sababu ulitazama mji utanukie nje, sehemu kama Mwanakwerekwe na Tomondo, na viwanja vikapimwa. Ukipita sehemu zilizopimwa unaona mara moja, barabara zimenyooka na gari inafika mlangoni. Tatizo upimaji ulikwenda pole pole na watu walikuja mbio, anaesubiri kiwanja cha kupimwa anakaa miaka na mwenzake kwenye eka anapata kiwanja wiki hii hii.

Watu wa wilaya hii walikuwa wangapi kwani?

Sensa ya 1988 Magharibi ilikuwa na watu elfu hamsini na kitu tu. Sensa ya 2002 wamepita laki na themanini elfu. Sensa ya 2012 wakawa 370,645, wakati Mjini yenyewe 223,033. Yaani wilaya "ya shamba" ikawa na watu wengi kuliko mji kwa mbali, na katika kila watu 100 wa Zanzibar wote Unguja na Pemba, 28 walikuwa wanakaa Magharibi. Sensa ya 2022 Mkoa mzima wa Mjini Magharibi umefika 893,169 kati ya Wazanzibari 1,889,773.

Nambari hizi mzikariri jamani. Mtu akikwambia Magharibi ni kitongoji, mpe nambari.

Halmashauri ya Wilaya ilikuwa na kazi gani na kwa nini ilizidiwa?

Halmashauri za wilaya ziliwekwa kwa Sheria Namba 4 ya 1995, na Manispaa ya Zanzibar kwa Sheria Namba 3 ya mwaka huo huo. Sheria mbili tofauti, moja ya mji, moja ya wilaya na miji midogo. Halmashauri ilikuwa na madiwani, inakusanya ada za masoko, leseni za biashara ndogo, mchanga na mawe, na kwa pesa hizo isafishe, itengeneze njia za ndani na mambo mengine. Kwa wilaya ya vijiji ingeweza kutosha. Kwa watu laki tatu na nusu haiwezekani hata kwa miujiza, gari za taka zenyewe zinahesabika, taka zinajaa pembeni mwa barabara mpaka mbuzi wanapanda juu.

Na mpaka wenyewe baina ya Mjini na Magharibi ulikuwa haueleweki kwa macho. Unatoka mtaa mmoja unavuka barabara uko wilaya nyengine, upande huu taka zinachukuliwa, upande ule haziji kuchukuliwa, na watu ni wale wale, wanasali msikiti mmoja.

Na mafuriko ya Mwanakwerekwe yanahusiana na haya?

Yanahusiana sana. Pale Mwanakwerekwe na sehemu za jirani ni bondeni, kuna maeneo ambayo maji ya mvua yalikuwa yanakaa tangu zamani yakinywewa na ardhi taratibu, na shamba lilipokuwa shamba halikumsumbua mtu. Watu walipojenga mpaka kwenye kingo za maji na pakatiwa saruji kila mahali, mvua ya masika ikija maji hayana pa kwenda, yanakata barabara kuu, yanaingia majumbani, vitanda vinaelea. Miaka kadhaa watu wamepoteza kila kitu na wengine kupoteza roho. Baadae ikaja miradi ya mitaro mikubwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, imesaidia, lakini mtaro unaochimbwa baada ya watu kujenga unagharimu mara nyingi zaidi, na inabidi kuvunja nyumba za watu.

Upande wa kusini, Mbweni mpaka Fumba, historia yake ni moja na hii?

Ina yake kidogo. Mbweni wamishionari wa Kiingereza wa UMCA walinunua ardhi 1871 wakaweka makaazi ya watumwa waliokombolewa, pakawa na skuli ya watoto wa kike na kanisa ambalo lipo mpaka leo, na balozi John Kirk alikuwa na nyumba yake hapo hapo. Chukwani Sayyid Barghash alikuwa na kasri. Kiembesamaki na Kisauni pakaja uwanja wa ndege, gari za 505 mnazijua. Dimani, Kombeni, Bweleo na Fumba ni uvuvi na maweni, huko eka za karafuu hazikuwepo kwa wingi na watu ni wa asili zaidi. Fumba miaka ya 1990 ikawekwa kuwa eneo la uchumi huru, pakakaa kimya muda mrefu, na sasa ndo unaona mji mpya wa majumba unajengwa, tena uliopimwa tangu mwanzo. Ukiulinganisha na Kinuni roho inauma kidogo, sio kwa wivu, ila unajua kumbe ilikuwa inawezekana.

Nini kilitokea 2015?

Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria Namba 7 ya 2014 ya serikali za mitaa, ile ya zamani ikaondoka, na wakati wa Rais Ali Mohamed Shein wilaya ikagawiwa mbili. Magharibi A ikachukua upande wa kaskazini, Bububu, Mtoni, Dole, Welezo, Mfenesini. Magharibi B ikachukua Mwanakwerekwe, Fuoni, Kiembesamaki, Tomondo, Pangawe, Dimani mpaka Fumba. Zanzibar ikawa na wilaya 11 badala ya 10. Na badala ya halmashauri, kila moja ikawa na Baraza la Manispaa lake, na baada ya hapo zote mbili pamoja na Mjini zikaunganishwa kuwa Jiji la Zanzibar. Mwaka 2017 ukaanza ugatuzi, mambo kama skuli za msingi na vituo vya afya yakasogezwa kwa mabaraza.

Hapo ndo karatasi zilipowafikia watu. Miaka mingi baada ya mji kufika.

Kuna shamba lililobaki?

Lipo. Kizimbani chuo cha kilimo kipo na mashamba ya viungo yanaoneshwa watalii. Dole, Mwakaje, Bumbwisudi, Kama bado unakuta mikarafuu, mpunga mabondeni na ng'ombe. Lakini ukipita unaona vigingi vya viwanja vimeshafika. Kwa maoni yangu hapa ndo pa kushughulikia sasa hivi, kabla hakujafanywa kama Fuoni, njia ziwachwe kwanza, sehemu ya skuli iwachwe, makaburi yawachwe, halafu ndo watu wajenge. Na mabonde ya mpunga yasijengwe kabisa.

Nikitaka kujua ardhi yetu ilikuwa shamba la nani zamani nianzie wapi?

Anza kwa wazee wako nyumbani, tena fanya haraka, waulize shamba liliitwaje kabla ya 1964 maana mashamba mengi yalijulikana kwa jina la mwenyewe. Andika na majina ya majirani waliopewa eka pamoja na babu yako. Waulize na miti, nani alipanda mwembe ule, maana mara nyingi mti ndo ushahidi wa mpaka. Ukishapata majina nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, kuna majalada ya wakati wa Muingereza, mengi ni ya Kiingereza na mengine ya Kiarabu, na wahudumu wanasaidia kutafuta. Ile karatasi ya eka kama mnayo, na ile ya daftari yenye muhuri wa sheha kama mnayo, zipige picha, nakala mweke sehemu mbili tofauti, na mpeleke familia nzima Kamisheni ya Ardhi mkaulize utaratibu wa kuisajili kabla hamjaanza kugawana.

Mimi nimezaliwa Magharibi kabla ya 2015, niandike wilaya gani kwenye fomu?

Andika wilaya ya sasa kulingana na shehia yako, A au B. Kama cheti chako cha kuzaliwa kina "Wilaya ya Magharibi" kiwache hivyo hivyo, usikifute wala usikiongezee herufi kwa kalamu, na ukiulizwa mwambie karani kuwa ni wilaya ya zamani kabla haijagawiwa.